Winston Churchill, Askari Aliyeandika Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanamkumbuka Winston Churchill kama Waziri Mkuu mzee mwenye sigara kubwa mdomoni, aliyeiongoza Uingereza dhidi ya Hitler. Miaka 40 kabla ya hapo alikuwa luteni kijana wa kikosi cha wapanda farasi, akipigana asubuhi na kuandika barua za gazeti jioni. Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wasomaji huuliza kuhusu kazi hizo tatu alizozichanganya maishani, yaani uaskari, uandishi wa habari na siasa. Msomaji atakutana na hoja moja ikirudi: alichokiandika Churchill kuhusu vita kilitegemea sana kiti alichokuwa amekalia siku ile alipokiandika.

Je, Churchill alikuwa askari wa kweli, au alivaa sare kwa ajili ya jina tu?

Alikuwa askari wa kweli. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874 katika kasri la Blenheim, akasoma Harrow, na akafaulu mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst alipoujaribu mara ya tatu. Februari 1895, wiki chache baada ya kufiwa na baba yake, Lord Randolph Churchill, alipewa uofisa katika kikosi cha nne cha Hussars. Kati ya mwaka 1895 na 1900 alishuhudia mapigano Cuba, katika mpaka wa kaskazini magharibi wa India ya Waingereza, Sudan na Afrika Kusini. Ni maofisa wachache wa umri wake walioona risasi nyingi kiasi hicho katika muda mfupi namna hiyo, na aliyaona mengi kwa sababu aliyatafuta.

Iliwezekanaje ofisa wa jeshi awe pia mwandishi wa gazeti?

Wakati huo sheria za jeshi hazikukataza, ingawa majenerali wengi hawakuipenda desturi hiyo. Churchill alianza mwishoni mwa mwaka 1895, alipokwenda Cuba wakati wa likizo kuangalia jeshi la Hispania likipambana na wapigania uhuru wa kisiwa hicho. Gazeti la Daily Graphic lilimlipa gini 5, yaani zaidi kidogo ya pauni 5, kwa kila barua. Risasi za kwanza zilimpita karibu siku alipotimiza miaka 21.

Baada ya hapo utaratibu ukawa uleule: vita vikianza mahali, yeye hutafuta nafasi kikosini, na mama yake, Jennie, Mmarekani aliyefahamiana na wakubwa wengi wa London, humwandikia kila mwenye uwezo wa kusaidia. Kwa vita vya Sudan mwaka 1898, Jenerali Kitchener alimkataa katakata. Waziri Mkuu mwenyewe, Lord Salisbury, aliyekuwa amekisoma na kukipenda kitabu cha kwanza cha kijana huyu, alijaribu kumwombea bila mafanikio, na mwisho nafasi ikapatikana kupitia Wizara ya Vita, katika kikosi cha 21 cha Lancers. Sharti lilikuwa kali: asafiri kwa gharama yake, na akiuawa au kujeruhiwa jeshi lisidaiwe chochote. Churchill alikubali, kisha akapatana na gazeti la Morning Post limlipe kwa barua atakazotuma.

Baada ya vita hivyo Wizara ya Vita ilipiga marufuku askari kuwa waandishi wa habari kwa wakati mmoja.

Kwa nini aliandika? Je, hakuwa tajiri?

Jina la ukoo lilikuwa kubwa kuliko fedha zake. Mshahara wa luteni haukutosha maisha ya ofisa wa wapanda farasi, na wabunge wa Uingereza hawakuanza kulipwa mshahara hadi mwaka 1911. Kijana aliyetaka kuingia bungeni mwishoni mwa karne ya 19 alihitaji mali au kazi nyingine ya kumlisha, na kalamu ndiyo iliyokuwa kazi hiyo.

Fedha, hata hivyo, hazikuwa sababu pekee. Barua zake za mwaka 1897 kutoka India zilipotoka katika Daily Telegraph bila jina lake, alikasirika, na alimweleza mama yake waziwazi kwamba aliziandika kwa nia ya kujitambulisha mbele ya wapiga kura. Hilo tunapaswa kulikumbuka kila tunapomsoma. Tangu mwanzo kabisa, maelezo yake ya vita yalikuwa pia maelezo ya mgombea.

Alishuhudia nini Malakand?

Malakand iko katika eneo ambalo leo ni Pakistan. Mwaka 1897 makabila ya Wapashtuni yaliinuka dhidi ya Waingereza, na Churchill akaungana na kikosi kilichoongozwa na Sir Bindon Blood. Kitabu chake cha kwanza, The Story of the Malakand Field Force, kilitoka mwaka uliofuata kikiwa na makosa mengi ya uchapaji, kwa sababu mwandishi alikuwa bado India na kazi ya kusahihisha iliachiwa mjomba wake kwa upande wa ndoa.

Kuna sehemu ya habari hiyo ambayo aliisimulia kwa uwazi zaidi miaka 33 baadaye, katika kumbukumbu zake za ujana, My Early Life. Anaeleza jinsi jeshi lilivyokwenda kijiji baada ya kijiji likibomoa nyumba, likifukia visima, likilipua minara, likikata miti mikubwa ya kivuli, likichoma mazao na kuvunja mabwawa ya maji. Anayataja hayo moja baada ya jingine, bila kujitetea na bila kuomba radhi. Ukiisoma orodha hiyo polepole unapata picha kamili ya kile kilichoitwa safari ya kuadhibu, na unaipata kutoka kwa mmoja wa walioifanya.

Nini kilitokea Omdurman?

Tarehe 2 Septemba 1898, nje ya mji wa Omdurman, jeshi la Waingereza na Wamisri chini ya Kitchener lilikabiliana na jeshi la Khalifa Abdullahi, mrithi wa Mahdi, kiongozi wa kidini aliyekuwa ameanzisha dola lake Sudan. Wasudani walikuwa zaidi ya 50,000. Upande wa pili kulikuwa na bunduki za rashasha za Maxim, mizinga, na meli za kivita mtoni. Kufikia mchana Wasudani wapatao 10,000 au zaidi walikuwa wameuawa, na kwa upande wa Kitchener waliokufa hawakufika 50.

Asubuhi ya siku hiyo ndipo kikosi cha 21 cha Lancers kiliposhambulia kwa farasi. Wapanda farasi hao waliona mbele yao mstari mwembamba wa watu wenye bunduki, wakaukimbilia. Walipokaribia, waligundua kwamba nyuma ya mstari huo kulikuwa na korongo kavu lililojaa wapiganaji wenye mikuki na panga, safu nyuma ya safu. Hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Churchill, ambaye bega lake liliteguka alipoteremka bandarini Bombay na likabaki bovu maisha yake yote, hakuweza kuutegemea upanga, kwa hiyo alipita katikati ya korongo akifyatua bastola ya Mauser. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika sekunde 120 maofisa 5, askari 65 na farasi 119 waliuawa au kujeruhiwa, kati ya kikosi kisichofika watu 400.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, ukurasa mkubwa wa kitabu chake cha Sudan hauhusu shambulio hilo. Unahusu siku ya tatu baada ya vita, aliporudi kwa farasi uwanjani. Pale aliwakuta majeruhi wa Kisudani walioachwa bila maji wala dawa, wakijikokota kuelekea mto Nile. Mmoja alikuwa ametambaa maili moja kwa siku tatu akiwa na mguu mmoja, na mto ulikuwa bado uko maili mbili mbele. Mwingine, aliyevunjika miguu yote miwili, alikuwa akijivuta kwa makalio, pengine yadi 400 kwa siku. Churchill aliandika kwamba watu hao walikuwa mashujaa sawa na wengine wowote waliowahi kukanyaga ardhi, na kwamba walioangamizwa na mashine hawakushindwa kwa kukosa ushujaa.

Kwa nini inasemekana kuna matoleo mawili tofauti ya kitabu hicho?

Kwa sababu yapo, na tofauti kati yake ndiyo ufunguo wa kumwelewa mwandishi huyu. The River War kilitoka mwaka 1899 katika majuzuu mawili makubwa. Churchill alikuwa amekwisha kuacha jeshi mwaka huo, na alikuwa bado hajaingia bungeni, kwa hiyo hakuwa na mkubwa wa kumwogopa. Alimshutumu Kitchener, shujaa wa taifa zima wakati huo, kwa kuachilia majeruhi wa adui wauawe, na kwa kulibomoa kaburi la Mahdi na kuitoa maiti yake, ambayo kichwa chake kilichukuliwa kama kumbukumbu ya ushindi.

Mwaka 1902 kitabu kilitolewa upya katika juzuu moja. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukifupisha, na kweli kilifupishwa sana. Lakini miongoni mwa vilivyoondolewa ni sehemu kubwa ya lawama dhidi ya Kitchener, na mwandishi sasa alikuwa mbunge wa chama tawala. Toleo hilo fupi ndilo lililosomwa kwa karibu karne nzima. Mtu aliyesoma toleo la mwaka 1902 peke yake amemsoma mwanasiasa, ilhali mwandishi wa habari anapatikana katika lile la mwaka 1899.

Alipokamatwa na Makaburu, alikuwa mwandishi au askari?

Swali hili liliulizwa na Makaburu wenyewe, na hadi leo halina jibu la kuridhisha wote. Oktoba 1899 Morning Post ilimpeleka Afrika Kusini kuandika habari za vita kati ya Waingereza na Makaburu, walowezi wenye asili ya Kiholanzi, kwa malipo ya pauni 250 kwa mwezi, kiasi kikubwa mno kwa siku zile. Tarehe 15 Novemba alipanda treni ya kivita huko Natal. Makaburu waliitega njiani, mabehewa kadhaa yakaanguka, na Churchill, ambaye kwa karatasi zake alikuwa raia, akasimama chini ya risasi kuwaongoza askari kuondoa mabehewa yaliyoziba njia. Injini ilipona na kuondoka na majeruhi, naye akakamatwa.

Akiwa kifungoni Pretoria aliandika barua akidai kuachiliwa kama mwandishi asiyepigana. Makaburu walikuwa wamesoma magazeti yaliyosifu ushujaa wake pale relini, na ni vigumu kuwalaumu kwa kutilia shaka madai hayo. Binafsi naona hawakuwa na kosa. Mtu hawezi kufanya kazi ya ofisa saa mbili asubuhi na kuomba kinga ya mwandishi saa sita mchana.

Usiku wa tarehe 12 Desemba aliruka ukuta. Kapteni Aylmer Haldane, aliyepanga naye njama ya kutoroka, alibaki ndani, na uchungu wa jambo hilo haukumtoka kwa miaka mingi. Karibu na Witbank, Churchill alibisha mlango usiku na kwa bahati akamkuta Mwingereza, John Howard, meneja wa mgodi wa makaa ya mawe. Howard alimficha chini ya ardhi, ambako panya walimwibia mshumaa na kumwacha gizani. Hatimaye alifichwa katika behewa la mizigo ya sufu hadi Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Makaburu walikuwa wametangaza zawadi ya pauni 25 kwa atakayemrudisha.

Baada ya hapo Jenerali Buller alimpa uofisa bila mshahara huku akiendelea kuliandikia gazeti. Marufuku iliyowekwa kwa sababu ya watu kama yeye ilivunjwa kwa ajili yake.

Uandishi ulimsaidiaje kuingia bungeni?

Ulimfungulia mlango wote. Julai 1899 aligombea Oldham, mji wa kaskazini mwa Uingereza, katika uchaguzi mdogo akashindwa. Mwaka 1900 alirudi mjini hapo akiwa maarufu, na vitabu viwili kutoka vita vile vikatoka mwaka huohuo. Katika mkutano mmoja alisimulia kutoroka kwake na kumtaja fundi Dewsnap, mzaliwa wa Oldham, aliyesaidia kumshusha mgodini. Umati ukapaza sauti kwamba mke wa Dewsnap alikuwa amekaa humohumo ukumbini. Oktoba 1900 alichaguliwa akiwa na miaka 25, kisha akazunguka Uingereza, Marekani na Canada akitoa mihadhara ya kulipia, hadi mapato ya kalamu na mdomo yakafika takribani pauni 10,000.

Katika hotuba yake ya kwanza bungeni, Februari 1901, alisema kwamba kama angekuwa Kaburu, angetumaini kuwa vitani akipigana. Viongozi wa chama chake hawakufurahi. Mwaka 1904 alihamia chama cha Liberal.

Je, aliwahi kufika Afrika Mashariki?

Ndiyo. Mwaka 1907, akiwa Naibu Waziri wa Makoloni, alishuka Mombasa, akapanda reli ya Uganda hadi bara, akafika Kampala alikokutana na Kabaka Daudi Chwa, mtoto wa miaka 11, kisha akafuata mto Nile hadi Misri. Aliiandikia safari hiyo makala katika jarida la Strand, na mwaka 1908 yakawa kitabu, My African Journey. Ni maandishi ya mgeni wa serikali: mandhari, uwindaji, reli, na mipango ya pamba.

Ila kuna maandishi mengine ya wakati uleule. Mwanzoni mwa mwaka 1908, baada ya mpiganaji Mgusii, Otenyo, kumchoma mkuki ofisa wa kikoloni Northcote, jeshi lilipelekwa Kisii, magharibi mwa Kenya ya leo, na kuua watu wengi. Churchill alipopata taarifa aliandika kwa hasira, akiuliza ikiwa kweli ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa wingi kiasi kile. Maneno hayo yalikuwa ya ndani ya ofisi. Yule aliyeandika hadharani kuhusu majeruhi wa Omdurman sasa alikuwa serikalini, na hasira yake iliishia katika majalada.

Alirudi vitani akiwa mwanasiasa?

Alirudi. Akiwa Waziri wa Jeshi la Majini katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alisukuma mpango wa kupenya mlango-bahari wa Dardanelles, Uturuki, mwaka 1915. Meli zilishindwa mwezi Machi, askari wakateremshwa Gallipoli tarehe 25 Aprili, na maelfu wakafa bila lengo kufikiwa. Aliondolewa wizarani, akajiuzulu serikalini mwezi Novemba, akaenda katika mahandaki ya Ubelgiji, ambako aliongoza batalioni ya sita ya Royal Scots Fusiliers huko Ploegsteert hadi Mei 1916. Maofisa wake wa Kiskoti walimpokea kwa mashaka. Jambo la kwanza alilowatangazia lilikuwa vita dhidi ya chawa, akawapa maelezo marefu kuhusu asili ya mdudu huyo na tabia zake, kisha akahakikisha kila mtu anasafishwa.

The World Crisis ni historia au utetezi?

Ni vyote viwili, na mwandishi hakujificha sana. Majuzuu ya kitabu hiki chake kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia yalitoka kati ya mwaka 1923 na 1931. Alianza kuyachapisha alipokuwa nje ya bunge, baada ya kushindwa Dundee mwaka 1922, na lawama ya Dardanelles ilikuwa bado inamfuata mikutanoni. Alikuwa na nyaraka ambazo wengine hawakuwa nazo, akazipanga kama wakili anavyopanga vielelezo. Hata hivyo, sura zake kuhusu mauaji ya mahandakini, na jinsi majenerali walivyohesabu vifo vya adui ili kuhalalisha vya kwao, zina nguvu hadi leo, pengine kwa sababu huko hakuwa na la kujitetea.

Je, aliandika mwenyewe vile vitabu sita vya Vita vya Pili vya Dunia?

Si peke yake. The Second World War kilianza kutoka mwaka 1948, na nyuma yake kulikuwa na timu: mwanahistoria Bill Deakin, Jenerali Pownall, Komodoo Allen na wengine, waliokusanya nyaraka na kuandaa rasimu. Yeye aliagiza, akasema maneno kwa sauti huku makatibu wakiandika hadi usiku wa manane, akasahihisha karatasi za mchapaji mara nyingi, na kuyatia maandishi hayo mwendo wake mwenyewe. Katibu wa Baraza la Mawaziri, Norman Brook, aliukagua mswada kwa niaba ya serikali.

Yapo mambo ambayo hayamo. Siri ya kusomwa kwa maandishi ya fumbo ya Wajerumani haikuruhusiwa kutajwa. Njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua mamilioni chini ya utawala wa serikali yake, inaguswa kwa kupita tu. Na juzuu la mwisho lilipokuwa likiandaliwa, Churchill alikuwa Waziri Mkuu tena na Eisenhower, aliyekuwa kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika Ulaya wakati wa vita, alikuwa amekwisha kuwa Rais wa Marekani, kwa hiyo alizipunguza sehemu zilizoonyesha ugomvi wao wa mwaka 1945. Miaka 50 baada ya kukata kurasa za Kitchener, mkono uleule ulikata tena, kwa sababu ileile.

Kwa nini alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi na si ya Amani?

Tuzo ya mwaka 1953 ilitaja umahiri wake wa kuandika historia na wasifu, pamoja na hotuba zake. Mke wake, Clementine, aliipokea Stockholm, kwa kuwa yeye alikuwa na mkutano Bermuda siku hizo.

Je, yeye ndiye Winston Churchill aliyeandika riwaya za Kimarekani?

Hapana. Huyo alikuwa mwandishi mwingine, maarufu Marekani wakati huo. Mwaka 1899 Mwingereza alimwandikia akiahidi kutia sahihi kama Winston Spencer Churchill ili wasomaji wasichanganyikiwe.

Aliwaandikaje watu waliotawaliwa na Uingereza?

Hapa inabidi kusema wazi. Churchill aliamini kwamba Waingereza walistahili kutawala, na maandishi yake yana maneno ya dharau dhidi ya Waafrika, Wahindi na Waislamu ambayo hayawezi kusamehewa kwa kusema kwamba zama zilikuwa hivyo, maana hata zama zake walikuwapo waliompinga. Serikali yake ya mwisho ndiyo iliyokuwa madarakani Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya, Oktoba 1952. Wakati huohuo, macho yake yaliona kilichokuwa mbele yake, na kijana yule aliandika alichokiona hata kilipowaumiza wenzake. Atakayemsoma kwa ajili ya kumsifu tu, au kwa ajili ya kumlaani tu, atalazimika kuruka kurasa.

Msomaji mpya aanze na kipi?

Aanze na My Early Life, cha mwaka 1930, kwa kuwa ndicho chepesi kusomeka na kinagusa vita vyote vya ujana wake. Kisha atafute The River War, na ahakikishe ni toleo kamili la majuzuu mawili, ambalo limechapishwa upya miaka ya hivi karibuni baada ya kuadimika kwa muda mrefu. Asiende moja kwa moja kwenye shambulio la wapanda farasi. Afungue kwanza sura inayofuata vita, pale luteni anaposhika hatamu za farasi wake kati ya majeruhi na kuanza kupima kwa macho umbali uliobaki hadi mtoni.